Matope ya Barabara ya Segese

Bujiku, dereva wa bodaboda mjini Kahama, alijaliwa na Mwenyezi Mungu ulimi mwepesi, akanyimwa, kwa hekima isiyochunguzika, haya. Asubuhi moja alimwona mfagizi wa duka la dhahabu akiuza taka za sakafuni. Naam, taka! Mnunuzi aliziosha palepale, akapata chenga za dhahabu, akaenda zake akitabasamu. Bujiku akaigeukia pikipiki yake, iliyokuwa imerudi kutoka Segese na matope ya machimboni yamegandamana hadi chini ya madigadi. Akaona utajiri.

Pikipiki hiyo yastahili maelezo. Injini yake ilikuwa ya kawaida, lakini mwenyewe alikuwa ameipamba kwa fedha za kuungaunga hata ikafanana na bwana harusi: redio chini ya tangi, taa za rangi kwenye rimu, na siti yenye madoa ya chui. Abiria waliikimbilia, tena kwa nauli ya juu.

Akatangaza kijiweni kwamba ataosha bure pikipiki yoyote itokayo machimboni. Wenzake wakamsifu kwa moyo wa kujitolea. Matope akayaanika uani, akayajaza kwenye viroba, akamwendea Mama Mageni.

Huyu alikuwa Eufrasia, mjane mwenye uso mpole, mfanyabiashara wa mchele na mwimbaji wa kwaya. Ghalani mwake ilisimama pikipiki mpya, nailoni ya dukani bado imefunika siti. Bujiku alikuwa akiiota hata anapoendesha.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeleta mpunga?"

"Nimeleta kinachoupita mpunga. Dhahabu inamwagika kwenye barabara ya Segese, mama, na tairi zinaiokota. Haya ndiyo matope yake. Nipe pikipiki ile, viroba vyote uchukue wewe."

"Mimi najua mchele tu. Nitajuaje kama imo?"

"Tutaosha kidogo kwenye karai, ujionee."

"Basi tufuate utaratibu wa mchele. Kila kiroba nakichoma bambo, na kinachotoka ni cha mnunuzi. Hakirudi."

"Huo ndio uungwana," alisema Bujiku, akawasha sigara.

Sigara hiyo haikuwa ya starehe. Alikuwa amenunua chenga kwa mchimbaji mmoja wa Segese, akazichanganya na tumbaku. Mama alipochoma kiroba kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuonjea magunia, na kumimina matope karaini, Bujiku alichutama kumsaidia kuosha, akakung'uta jivu majini bila kuonekana. Matope yalipotoka, dhahabu ikang'aa.

"Yesu na Maria!" Mama Mageni alizikusanya chenga kwa ncha ya kidole, akazifunga kwenye pindo la khanga. "Na kiroba cha pili?"

"Mama, matope yote ni ya njia moja!"

"Hata mchele huwa wa shamba moja, na katikati ya gunia watu hujaza chuya. Njoo kesho."

Bujiku alikuwa na sigara moja tu ya namna ile. Alikwenda dukani kwa Hemal, muuza vipuri, akaing'oa redio chini ya tangi.

"Kaka," alisema Hemal, "si uliniapia huiuzi hata ukifa?"

"Nimekufa kidogo. Lete pesa."

Redio ya nini, alijiuliza, na pikipiki mpya iko njiani? Chenga zikanunuliwa, sigara ikatengenezwa, kiroba cha pili kikatoa dhahabu, na pindo la khanga likanenepa. Mama akataka cha tatu. Taa zikaenda kwa Hemal. Mama akasema roho yake itatulia akiona cha mwisho. Ikaenda siti ya chui, mahali pake pakafungwa kipande cha godoro kwa mpira wa tairi.

"Bwana harusi kavuliwa suti!" walicheka kijiweni.

"Chekeni. Wiki ijayo mtaniamkia shikamoo."

Kiroba cha mwisho nacho kilitoa dhahabu. Mama Mageni alikaza fundo lake, akashusha pumzi ndefu.

"Baba, nimeliombea sana jambo hili. Moyo unakataa."

"Unakataaje, na kila kiroba kimetoa?"

"Ndiyo hofu yangu. Naona vimetoa yote iliyokuwamo."

Bujiku alisimama kwa ghafla, sigara ikamdondoka. "Basi nirudishie dhahabu yangu!"

"Yako?" Mama alimtazama kwa upole ule ule wa kanisani. "Si ulisema ni ya barabara?"

Bujiku akainama kuiokota sigara. Kudai chenga zile ni kueleza zilivyoingia karaini, na wabeba magunia wawili wenye vifua vipana walikwisha simama mlangoni, wakisikiliza kwa hamu kubwa.

"Sasa nipeleke mazoezi ya kwaya," alisema Mama Mageni. "Nimechelewa."

Akampeleka. Pikipiki ilikwenda kimya, na kipande cha godoro kikamrusha mama kila penye shimo. Walipofika, alimpa nusu ya nauli ya siku zote.

"Mama, si hii nauli yangu!"

"Ile ilikuwa ya muziki na siti ya chui." Alilisogeza fundo la khanga, akalikaza kiunoni, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Kisha akageuka kama mzazi aliyekumbuka kumwonya mtoto. "Na hizo sigara uziache, mwanangu. Zinafilisi."