Katani Yangu na Pampu ya Vyoo vya Chini

Jumatatu, 9 Julai 1956
Siku kubwa! Memsahibu Lobo, mwenye hoteli yetu hapa Voi, ametangaza kwamba msimamizi mpya atachaguliwa Jumamosi, Bwana Afya akishamaliza kukagua vyoo. Tuko wawili tu. Mimi Thadeus, mhudumu wa meza, mtu wa Bura, mwenye akili. Na Kitheka wa jenereta, mwenye spana. Kofia ya msimamizi ina beji ya shaba. Jana niliijaribu Memsahibu alipokuwa kanisani. Inanienea!

Tena niko mbele. Ni nani aliyeona karatasi za chooni zinakwisha kila wiki, akaleta katani kutoka mashambani, akaichana kwa kitana, akailoweka, akaiweka vyooni? Mimi! Wageni wawili tu wamelalamika, na mmoja wao ngozi yake ni ya kitoto.

Jumanne, 10 Julai
Bahati hii! Pampu imekufa. Vyoo vya wageni viko kwenye chumba cha chini ya ardhi, na uchafu hauwezi kupanda wenyewe. Unaingia shimoni, maji yananyanyua boya, boya linawasha swichi, pampu inasukuma kila kitu hadi tangi la bustanini. Leo boya limenyanyuka vizuri. Pampu inanguruma tu, haisukumi.

Kitheka alitaka kuifungua. Nikamnong'oneza Memsahibu kwamba Kitheka akifungua kitu hubaki na skrubu mkononi. Kazi nimepewa mimi! Nimebadilisha fyuzi. Haikuwa fyuzi. Nimeigonga pampu kwa nyundo, kwa adabu. Bado.

Jumatano, 11 Julai
Nimepata! Kwetu Bura, mlimani, mfereji ukiziba hatuchokoi. Tunazuia maji kwa vigogo vya mgomba, yakijaa tunayaachia kwa mpigo, yanabeba takataka zote. Babu yangu alisifika kwa kazi hiyo mlima mzima. Basi nimefungua mabomba yote ya hoteli. Minyororo ya vyoo vitano nimeifunga kwa kamba moja, nikavuta.

Maji yalikuja kweli. Hayakwenda. Mlimani maji yana pa kuteremkia. Hapa palikuwa na chumba cha Tryphena, dobi wetu, jirani na vyoo, na mashuka arobaini aliyokwisha kuyapiga pasi. Alipanda juu ya meza akaniuliza, kaka Thadeus, mifereji ya Bura nayo hubeba vitu kama hivi? Nikamjibu kwamba hiyo ni tofauti ndogo tu. Akanirushia sabuni.

Alhamisi, 12 Julai
Aibu. Kitheka amezima jenereta, ametoa pampu, ameifungua. Kwenye lile gurudumu la mabawa linalozunguka ndani palikuwa na kamba ya katani nene kama mkono wangu. Imejisokota yenyewe, imara kabisa, ungeweza kumfungia ng'ombe. Kitheka aliitundika kwenye waya wa nguo, wote waione.

Memsahibu akauliza katani imefikaje humo. Nikasema mashamba yako karibu, na mwezi huu upepo ni mkali. Upepo! Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Pampu imerudishwa, inasukuma. Lakini skrubu moja imebaki! Nimeiweka mfukoni, ushahidi.

Ijumaa, 13 Julai
Memsahibu ameagiza karatasi zirudi vyooni na katani yote ichomwe. Ichomwe! Wiki tatu nimeichana kwa mkono! Nimechoma kidogo, mbele yake. Furushi kubwa nimelificha mahali ambapo hakuna binadamu atakayechungulia: ndani ya shimo la pampu, kwenye ukingo ulio juu ya maji, chini ya kifuniko. Bwana Afya akienda zake nitalitoa. Hakuna hatari hata kidogo. Nimelala usingizi mtamu wa adhuhuri.

Jumamosi, 14 Julai
Bwana Afya amekuja na soksi ndefu nyeupe. Akavuta minyororo yote mitano, mmoja baada ya mwingine. Nani anavuta yote mitano? Maji yakapanda hadi kwenye ukingo. Furushi likazama. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Kisha maji yakaja kuzitazama zile soksi.

Kitheka akaifungua kwa dakika kumi, akatoa kamba ya pili. Bwana Afya akasema hajawahi kuona fundi mwepesi hivyo. Hoteli imepita. Kofia amevishwa Kitheka mbele ya wapishi wote. Nikatoa skrubu yangu kama ushahidi. Kitheka akaipokea, akanishukuru, akasema ameitafuta tangu Alhamisi.

Mimi nafua mashuka na Tryphena hadi mwisho wa mwezi. Nimelia kidogo, nyuma ya kamba ya nguo.

Jumapili, 15 Julai
Nimepona! Kumbe karatasi zimekwisha tena, na msimamizi wetu mpya anakuna kichwa chini ya kofia. Tryphena alikuwa akipukuchua mahindi, nami nikaona magunzi. Bure! Laini kushinda katani! Na hayana uzi hata mmoja wa kujisokota. Safari hii sikukurupuka. Nimelitupa moja ndooni nikasubiri. Linaelea. Pampu iko chini, gunzi liko juu, vitakutana wapi?

Nimeshaweka sita kila choo. Ile kofia, hata hivyo, haimkai Kitheka vizuri.