Jumapili Niliyoichagua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Novemba

Uchaguzi wa mwenyekiti wa maduka yetu hapa Kikuubo sasa ni Jumapili, si Alhamisi tena. Kazi yangu. Niliwaambia wenzangu Alhamisi ni siku ya wateja. Wakakubali wote, hata mpinzani wangu Joska, muuza unga. Maskini. Watu wake ni Wakatoliki wa Nsambya, na saa nne, saa ya kura, watakuwa kanisani. Na sisi hupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nyuma yake watasimama nani? Magunia.

Alhamisi, 6 Novemba

Mke wangu Rukiah ananikumbusha kuwa Jumapili hiyohiyo tunamwoza Nabilah kule Bombo. Binti wa marehemu kaka yangu, na walii wake, wa kumwozesha, ni mimi. Lo, nilisahau! Nikamwambia asihofu: kura saa nne, ndoa saa nane. Akasema mshika mbili moja humponyoka. Methali hazimwishi.

Jumapili, 9 Novemba

Saa nne nipo, na kanzu ya harusi mwilini. Msimamizi, Mzee Kidega, hayupo. Mlokole! Ibada yao haina mwisho. Huyo sikumfikiria.

Watu wa Joska wakaja wametakata, wameshasali misa ya alfajiri. Wangu je? Napiga simu. Sadik yuko Bombo. Kina mama wa vitenge wako Bombo tangu jana, wanapika. Kadi za harusi niliwagawia mwenyewe.

Kidega akafika saa nane. Mstari wa Joska ulikunja kona. Nyuma yangu alisimama Okot, jirani wa dukani, peke yake, akidhani ni foleni ya chai.

Nimefika Bombo wanaosha masufuria. Mdogo wangu Faruk ndiye aliyeozesha. Wanasema Nabilah kwanza alikataa ndoa ifungwe, akawa anauliza baba yuko wapi. Ananiita baba tangu kaka afe. Hilo linaniuma kuliko kiti. Sijala.

Jumatano, 12 Novemba

Najuta bado. Rukiah amembembeleza Nabilah mpaka amekubali: Jumamosi niende nikamwombe radhi, atanipikia.

Leo nimemdai Kidega uchaguzi urudiwe, maana mstarini mwa Joska mlikuwa na wateja wasio na kura. Amekubali, akaniuliza siku. Nimesikia Jumamosi Joska anamwoza binti yake kule Gulu, na watu wake wote wanakwenda.

Nimemwambia Jumamosi. Nabilah nimemtumia ujumbe asogeze radhi hadi Jumatatu.