Mzee Mjaka kwa Kinanda

Alhamisi, 3 Oktoba
Vipande viwili vimekamilika! Jumamosi ni mahafali ya kidato cha nne na nitapiga kinanda ukumbini. Si nyimbo za watu. Zangu! Kila kipande ni rafiki mmoja. Unapiga dakika chache, msikilizaji anamwona mtu. Cha Elineema, mwalimu mwenzangu, kina nota moja tu toka mwanzo hadi mwisho, maana Mpare hatoi ya pili. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya kanisani kwetu, na alishasema mbele ya waimbaji kwamba tungo zangu zinafaa kuswagia ng'ombe. Ataona.

Cha pili ni cha Mzee Mjaka, jirani yetu, mkulima wa karafuu. Kitamu mno. Mkono wa kushoto unachechemea kama yeye: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Katikati vidole vinaporomoka kutoka juu mpaka chini. Hapo anaanguka mkarafuuni. Kisha nota moja ya juu kabisa, kali. Hapo anamlilia mama yake, mtu mzima na ndevu zake. Alinihadithia mwenyewe barazani kwake, tukinywa kahawa. Nikacheka, naye akacheka.

Esteria, mke wangu, ameuliza kama Mzee Mjaka anajua. Nimemwambia ni zawadi ya kushtukiza. Ameguna. Hajui muziki.

Jumamosi, 5 Oktoba
Ushindi! Au nusu yake. Elineema alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasimama kunijibu kwamba Mchaga kama mimi akitungiwa kipande, itabidi ukumbi mzima ushike mifuko. Watani bwana! Ndipo nikapiga cha Mzee Mjaka. Nikaona watu hawakielewi, nikasimamisha, nikaeleza: huu ni mguu, hapa anaanguka, hapa anamwita mama. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwenyewe alikuwa mstari wa mbele na kamati ya wazazi. Alitabasamu. Kidogo. Akatoka kabla ya pilau.

Huenda ana shughuli.

Jumapili, 6 Oktoba
Hana shughuli. Nimepita barazani saa ya kahawa. Birika lipo, vikombe vipo, mwenyewe yupo. Nikasalimia, akaitikia vizuri tu. Hakuniambia nikae. Tangu tuhamie huku kisiwani, Mkoani, sijawahi kuambiwa nikae, huwa najikalia. Leo miguu ilikataa. Nikajifanya naenda dukani. Nikanunua kiberiti. Sisi tunapikia umeme.

Elineema anasema nimekosea njia. Utani ni wa Mchaga na Mpare, tumeurithi kwa mababu, mtani hakasiriki. Mzee Mjaka ni mtani wa nani? Nikamwambia muziki hauna kabila. Akasema kilio kina mwenyewe. Maneno ya mtu wa nota moja!

Jumatatu, 7 Oktoba
Esteria kapika ndizi kwa samaki, akapeleka sahani kwa Bi Siti, mke wa Mzee Mjaka. Jioni sahani ikarudi. Imeoshwa. Imefutwa. Tupu! Miaka yote hii sahani haijawahi kurudi tupu kati ya nyumba zetu mbili. Hata Bi Siti alipokuwa mgonjwa hajiwezi, ilirudi na ndimu. Esteria ameiweka mezani mbele yangu. Tumekula ugali tukiitazama.

Jumanne, 8 Oktoba
Wanafunzi wanapiga mluzi kipande changu Mzee Mjaka akipita kwenda shamba. Wamekishika hadi ile nota ya juu, tena bila kukosea. Siku nyingine ningefurahi. Leo asubuhi na mapema nimejificha nyuma ya maabara.

Nikapata mpango. Mstarini nimeitangazia shule nzima kwamba kipande kile hakimhusu kabisa Mzee Mjaka, wala mguu wake, wala mkarafuu, wala marehemu mama yake. Kumbe kidato cha kwanza na cha pili hawakuwapo kwenye mahafali. Sasa wanajua. Mchana mluzi ulikuwa wa sauti nne.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mpango mpya! Kumtunga upya. Mzee Mjaka bila mguu, bila mti, bila kilio. Kipande cha heshima. Nimempigia Elineema, akauliza kama ni mgeni rasmi anafungua kisima. Nimekichana.

Esteria kanivumilia, mwisho akasema: "Baba Heriel, mtu huombwa radhi kwa mdomo." Kwa mdomo! Mtunzi mzima! Lakini nimemkosa yule mzee, kweli nimemkosa. Kahawa nimejipikia mwenyewe, nimeimwaga. Najuta. Laiti ningeishia kwa Elineema.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimekwenda. Nilingoja atoke msikitini, nikamfuata barazani mikono mitupu. Nikaanza kumweleza habari za utani wa kwetu bara. Akainua kidole kunikatiza.

"Mguu nshauzowea, mwalimu," akasema. "Kile kilio lakini nalikupa weye. Hata Siti alikuwa hakijui."

Nikasema nisamehe, mzee wangu. Machozi yakanitoka, mtu mzima, na mimi nina ndevu. Akaningoja mpaka nikamaliza. Akamimina kahawa, akasukuma kikombe upande wangu.

"Haya. Kaa."

Jumapili, 13 Oktoba
Bi Siti kaleta sahani! Yao, imejaa mkate wa kumimina, bado wa moto. Esteria kaimba jikoni. Nimejifunza, na ninaandika kwa herufi kubwa: SIRI YA MTU NI AMANA.

Alasiri nilikuwa barazani. Mzee Mjaka akanisogelea, akashusha sauti. Kumbe tangu aanguke hathubutu kupanda hata ngazi. Paa likivuja, Bi Siti ndiye hupanda, yeye hushika ngazi chini, na anatetemeka kuliko ngazi yenyewe. Hungoja majirani tusiwepo. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa, kwa moyo wote.

Niko kwenye kinanda. Mkono wa kulia unapanda nota kwa nota: Bi Siti. Mkono wa kushoto umebaki chini, nota moja, unatetemeka, lakini hauachii. Sijapata kutunga kitu kizuri namna hii! Esteria kapita, kasimama, kaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia si mtu.

Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni. Nitakipiga. Lakini amana ni amana, jina sitalitaja hata wakinikata ulimi. Nitasema tu ni mzee mmoja, jirani yangu, mkulima wa karafuu, anayechechemea.