Mimba kwa Siku za Kazi

Umma unataarifiwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia mwezi huu mimba zote zitahesabiwa kwa siku za kazi tu.

Ndivyo ulivyosema Waraka Namba Saba, na karani wa dirisha la ultrasaundi aliuamini kuliko saa yake ya mkononi. Hospitali hufungwa Jumamosi na Jumapili. Iweje mtoto aendelee kukua wakati watumishi wa umma wamepumzika? Huo si ukuaji, ni utovu wa nidhamu.

Ijumaa hiyo alifika fundi cherehani mmoja, mimba yake ya kwanza.

"Kaka, nina wiki kumi na tatu na siku tano. Mkunga kasema nipimwe kromosomu za mtoto, ile ya kuangalia majimaji nyuma ya shingo. Mwisho kesho. Jumatatu nimechelewa."

Karani akabonyeza kikokotoo. "Ukitoa wikendi, dada, una wiki tisa. Umewahi mno. Rudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao tumbo litakuwa huku!"

"Tumbo halina mamlaka ya kupinga waraka."

Fundi alitaka kulia. Hakuomba muujiza, alitaka kujua mapema, ajipange. Chumba cha pili watu walikuwa wanapiga makofi kuzunguka keki.

"Keki ya nani ile?"

"Ya Mkurugenzi, mwandishi wa waraka. Katimiza sitini, anastaafu leo."

"Sitini pamoja na wikendi, au bila?"

Karani akaufunua waraka. Haki ni haki. Kifungu cha mwisho kilisema: kalenda hii itatumika kwa umri wa kila binadamu aliyemo hospitalini, bila upendeleo. Akapiga hesabu, akaenda mbio kutoa habari njema.

"Hongera, mzee! Una miaka arobaini na miwili na ushee! Utastaafu ukiwa na themanini na nne, kwa kalenda ya mtaani."

Kisu kilikwama ndani ya keki.

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "mabegi ya safari yamo garini tayari."

Mkurugenzi akanyakua karatasi ya kufutia mikono, akaandika: *Waraka umefutwa. Wote. Sasa hivi.* Karani akaipiga muhuri juu ya alama ya siagi.

Baada ya dakika kumi fundi alikuwa kitandani, tumbo limepakwa jeli ya baridi. Kwenye skrini mtoto aligeuka, akaipa serikali mgongo.

"Majimaji ni kidogo, kama yanavyotakiwa," alisema mpimaji. "Uwezekano wa tatizo ni mdogo, mama."

Fundi akacheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa mama.

Mlangoni Mkurugenzi alimkaba karani. "Na mimi je?"

"Mzee, mamlaka yako ya kufuta ni juu ya mimba tu. Umri wa watumishi ni suala la Kamati ya Utumishi."

"Inakutana lini?"

"Kesho."

"Afadhali!"

"Kesho Jumamosi, mzee. Kwa watumishi bado haihesabiwi."