Siku Shemeji Alipoushikilia Mnara wa Kioo kwa Goti

Njooni, enyi wenye masikio! Acheni masufuria yachemke yenyewe, niwasimulie habari za Mkono Tuli, fundi wa maabara, siku alipoapa kuwatenganisha askari weupe wa damu, wakubwa mbali na wadogo, apate kuvipeleleza vifuko viitwavyo laisosomu, vilivyomo ndani yao, ambamo kila adui aliyemezwa husagwa akawa si kitu.

Damu ilitoka kwa mume wa dada yake, jabali la mtu, ambaye alizirai kwa kuiona sindano tu na, alipozinduka, akaapa kutochomwa tena mpaka kiama.

Basi Mkono Tuli akawamimina askari wale juu ya mnara wa kioo uliojaa maji, mepesi juu, mazito chini, wazame polepole, wakubwa wakitangulia. Ole wake atakayeutikisa! Mara mguu wa meza ukateguka. Shemeji, aliyekuwa kando akijiburudisha kwa soda, akachomeka goti chini ya meza, na mnara ukasimama.

"Shemeji," akanena Mkono Tuli, "sasa wewe ndiwe nguzo ya sayansi! Ukisogea, jeshi litavurugika, nami nitarudi kwako na sindano."

"Sindano? Nitakaa hapa mpaka goti liote mizizi! Ila shemeji..." Uso ukamsawijika. "Hii soda. Naona kwikwi inakuja."

"Imeze!"

Akaimeza. Akaziba pua, akavimbisha mashavu, macho yakamtoka pima, na kwikwi ikamrukaruka kifuani kama fahali aliyekosa mlango wa zizi, huku Mkono Tuli akifungua koki ya chini na kuwakinga askari tone kwa tone, majitu kwanza, vijeba mwisho. Hakuna aliyechanganyika na mwenzake.

Kisha akawatia rangi, akawaweka chini ya hadubini. Laisosomu zikawaka nyekundu kama makaa. Shemeji akajikokota kwa mguu uliokufa ganzi, akachungulia.

"Hawa wote wangu?"

"Wako."

"Na wanamsaga adui kweli?"

"Bila huruma."

Akainua kichwa kutoka kwenye hadubini. "Mpigie dada yako. Nyumbani wananiita mwoga."

Mkono Tuli akapiga simu, akaiweka sauti juu. "Dada," akatangaza, "mumeo ana jeshi, na nimelikagua mwenyewe!"

Vizazi na vijue: siku ile askari walipangwa kwa kimo, na goti la mtu mmoja likaibeba elimu ya dunia.