Kitabu cha Walevi

Jumatatu, 4 Mei

Mimi nina bahati hadi sijui niigawe kwa nani. Wenzangu wakitaka mstari wa kusoma wanahangaika, wanapekua, wanalamba kidole, wanauliza majirani. Biblia yangu hujifungua yenyewe! Naiweka juu ya meza yangu ya kinyozi, kati ya mashine na pauda, naiachia, pwaa, imefunguka palepale penye ujumbe wangu. Mtaa mzima hakuna mwingine. Sijisifu. Naandika tu.

Habari kubwa. Jana mchungaji alitangaza kwamba msomaji wa neno kahama, nafasi iko wazi. Anayeitaka asome kila siku wiki hii, kila siku aandike fundisho moja, Jumamosi aende kuhojiwa. Atakayefaa atasoma Jumapili mbele ya watu wote. Mbele! Na kipaza sauti!

Tumejitokeza wawili. Mimi na fundi viatu wa kibanda cha pili, tunayemwita Kisigino. Yeye alimaliza shule, na hachoki kulisema. Mimi niliacha shule kwa sababu zangu na za mwalimu.

Mke wangu kasema badala ya kukitafuta kipaza sauti nimtafutie dawa ndugu yake. Huyo ndugu yake, yaani shemeji yangu, ni fundi wa plasta. Tunamwita Mwiko, kwa sababu mwiko wake wa kazi haumtoki mkononi hata akilala kwenye kochi letu. Na analala sana kwenye kochi letu. Mikono ya dhahabu, koo la mchanga. Msimamizi wa ujenzi wa zahanati kamwambia plasta inaanza Jumatatu ijayo, aje; akinuka pombe hata chembe, wasijuane tena maisha. Mke wangu alipokuwa akinisimulia alikunja shati moja mara tatu. Nikaogopa. Akikunja hivyo anajizuia kulia.

Papo hapo nikapata wazo. Msomaji anahitaji masikio ya kujaribia. Mwiko ana masikio mawili yasiyo na kazi. Saa moja asubuhi, kila siku, kwenye kiti changu cha kunyolea! Nikamwambia kusomewa ni bure na kunyolewa ndevu ni bure. Kakubali, kwa ajili ya ndevu.

Jumanne, 5 Mei

Biblia imejifungua! Juu ya ukurasa mafuta ya nywele yamekula herufi. Panasomeka "Mambo ya Wal", halafu doa, halafu "i". Mtu mwenye akili hujazia mwenyewe. Nikajazia. Mambo ya Walevi!

Mwili ukanisisimka. Mlevi kitini, kitabu cha walevi mkononi. Bahati gani tena mnataka?

Nikamwambia Mwiko. Macho mekundu, harufu ya jana bado anayo. Akainuka na povu shavuni akaniuliza, kweli shemeji, na sisi tumeandikiwa? Nikamwambia kitabu kizima, sura ishirini na saba. Akakaa polepole. Akasema watu wote humwambia aache, aache, aache. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kaandikwa. Kisha akanionya nianze mwanzo na nisiruke hata neno, maana hayo ni mambo ya kwao.

Sura mbili, kwa kidole. Ng'ombe kachinjwa. Kondoo kachinjwa. Unga, mafuta. Mlevi hata mmoja hajatokea. Mwiko akasema labda wanaandaliwa nyama kwanza.

Fundisho la leo: ukialika wageni, anza na jikoni.

Jumatano, 6 Mei

Nimemkuta Mwiko mlangoni kabla sijafungua! Akajitetea kwamba jana kilabuni alikwenda, ila aliondoka mapema asije akakosa walevi wakiingia.

Hawakuingia. Leo figo na mafuta ya figo, sura tatu. Mwiko akasikitika kwamba nyama yote inachomwa na hakuna anayeagiza kinywaji.

Kisigino akapita, misumari minne mdomoni kama kawaida yake, akauliza tunasoma nini. Nikamwambia kwa mbwembwe. Akacheka hadi msumari mmoja ukadondoka. Akasema eti si Walevi, ni "Walawi". Nikamhurumia. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kutamka sawasawa. Nikamwambia ateme kwanza ndipo abishane.

Mchana mchungaji kaja kupunguza ndevu. Nimemchonga pembe zote mbili, zimenyooka kama zimepigwa rula. Kajitazama kwenye kioo mara nne. Kasema mkono wangu una neema. Neema! Msomaji keshajulikana, wengine wanapoteza muda.

Fundisho: mafuta hayatupwi. Hata ya nywele.

Alhamisi, 7 Mei

Neno la kwanza la Mwiko asubuhi: wameingia? Nikamwambia bado, makuhani ndio kwanza wanaogeshwa na kuvikwa nguo. Akasema vizuri, wanatakata kwanza.

Jana hakwenda kilabuni kabisa. Kaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri wizi. Akaomba aushike mwiko wake wakati namsomea, akaubana magotini chini ya kitambaa cha kunyolea. Jasho likamtoka na wembe sijaugusa. Nikafunga kitabu, nikamnunulia chai, nikamshika bega hadi kikombe kikaisha. Wateja wawili wakachoka kungoja wakaondoka. Waondoke.

Hilo sikuliandikia fundisho. Kwa mchungaji nimeandika: oga kabla ya kazi.

Ijumaa, 8 Mei

WAMEINGIA!

Sura ya kumi. Nilikuwa nasoma taratibu, sina habari, mara nakutana na mvinyo. Makuhani wanaambiwa wasinywe mvinyo wala kileo wanapoingia hemani kufanya kazi yao. Mwiko aliruka kitini akanikumbatia nikiwa na wembe mkononi, nusura sikio lake libaki kwangu. Akapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba walevi wamefika! Mwenye duka la simu akatoka nje kutazama.

Kisha akatulia. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu. Akasema hapo hawakutukanwa hata kidogo. Wameambiwa tu kwamba ukiingia kazini, usinywe. Akasema zahanati ile nayo imezungushiwa maturubai, kwa hiyo ni hema.

Fundisho la leo ni bora kuliko yote: pombe kwa Mwiko ni mwiko! Nilicheka peke yangu hadi mteja akaondoka na sharafa ya shavu moja tu.

Jumamosi, 9 Mei

Mahojiano. Ofisi ya mchungaji: meza, viti vitatu, mafaili, na Kisigino kavaa tai.

Akaanza yeye. Akafungua sura ya kumi na tisa ya kitabu changu mwenyewe, kitabu changu! Akasoma kwamba watu walikatazwa kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu. Akafunga. Akasema, kwa heshima zote mchungaji, nusu ya vijana wa kwaya wana denge, pembeni upara, juu shungi, na wote wametoka kwenye kiti cha huyu bwana. Mtu wa namna hiyo atasomaje neno?

Mchungaji akanigeukia. Shati likanigandama mgongoni. Nikakiri kwamba mimi ndio kwanza nimemaliza sura ya kumi. Halafu, kwa upole kabisa, kama mtoto anayeuliza njia, nikamuuliza mchungaji kama zile pembe za ndevu nilizozichonga Jumatano nazo zimo katika katazo hilo, ili nikitubu nitubu zote pamoja.

Mchungaji akashika kidevu. Akakohoa. Akakohoa tena. Akaeleza kwa kirefu kwamba zipo sheria zilizowahusu watu wa zamani. Kisha akasema mafundisho yangu ni mafupi lakini yana uhai, na kwamba amesikia habari za shemeji yangu. Nisome mimi!

Kisigino akalegeza tai. Nilimpa mkono. Mshindi hana kinyongo. Nilimkanyaga kidogo tu.

Jumapili, 10 Mei

Kanisa limejaa. Mke wangu safu ya tatu, Mwiko ubavuni mwake, kaoga, shati langu jeupe. Siku nne kavu! Nikapanda. Nikagonga kipaza sauti mara mbili kama wakubwa. Nikatangaza kwa sauti nene kwamba somo letu linatoka Mambo ya Walevi, sura ya kumi.

Kwaya ikapasuka kwa kicheko. Kisha wote. Kina mama walikuwa wanafutana machozi. Kisigino alikuwa anapiga goti lake ngumi. Nikatazama Biblia kubwa ya kanisa: kweli, "Walawi". Nikadhani wachapaji wamekosea. Mchungaji akaninong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo aliwanong'oneza wote: ni Walawi, ndugu yangu, tangu zamani ni Walawi.

Hayo ningeyavumilia. Nimechekwa na watu wakubwa kuliko hao. Ila nilimwona Mwiko. Yeye hakucheka. Uso ulimshuka kama plasta mbichi. Akautazama mlango. Mke wangu akamshika mkono wa shati, na mkono wa shati ulikuwa unavutika.

Nikasahau mambo ya nafasi. Nikamuuliza mchungaji mbele ya watu wote, hao Walawi ni watu gani basi, mtu wangu pale anataka kujua! Kicheko kikakatika. Mchungaji akanitazama, akamtazama Mwiko, akaelewa. Akakisogeza kipaza sauti kwake. Akasema Walawi walikuwa ukoo uliopewa kazi ya hema: kubeba mbao, kubeba nguzo, kulisimamisha, kulilinda.

Mwiko akasimama. Akasema kwa sauti iliyofika hadi nje: kumbe ni mafundi!

Mchungaji akasema unaweza kusema hivyo.

Mwiko akasema basi ndio sisi kabisa, shemeji hakukosea sana, soma. Akaketi. Nikasoma. Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa na leso mkononi, akaikunja mara moja tu.

Jumatatu, 11 Mei

Msimamizi kamnusa Mwiko mbele na nyuma kama paka anayenusa mfuko wa samaki. Kisha kampa ukuta wa mbele, ule utakaoonekana barabarani. Karudi jioni plasta masikioni, kalala kwenye kochi na viatu vyake. Kwa uchovu! Mke wangu alimvua viatu mwenyewe, akanipikia mimi mayai mawili.

Mtaa mzima nimeueleza kwamba nilijua tangu mwanzo. Walevi ilikuwa chambo. Mchungaji kasema nafasi ni yangu, ila kila Jumamosi nimpelekee kichwa cha somo akikague. Ananiheshimu.

Sasa kuna yule refa wa uwanja wetu, aliyetunyima penalti ya wazi mwezi uliopita. Leo nimegundua Biblia ina kitabu kizima kinaitwa Waamuzi. Kizima! Nimempelekea ujumbe aje kesho saa moja asubuhi, ndevu bure, asomewe mambo ya kwao. Kisigino kasema waamuzi hao si hao. Alikuwa na misumari mdomoni, sikumwelewa.

Na Biblia, naapa, imejifungua yenyewe hapo hapo penye Waamuzi!

Haya. Haikujifungua. Nimeikalia dakika kumi ili ikae hivyo. Na penye Walawi ilifunguka kwa sababu miaka mitatu ililala hapo wazi, kifudifudi, nimeitumia kuegemezea kioo kisiyumbe. Mgongo ukavunjika, mafuta ya nywele yakaingia. Wala sikuwa nimewahi kuisoma. Bahati sina. Nilidanganya.