Mtambo wa Bwana Krebs Haukosei

Kwa furaha isiyo na kifani, uongozi wa Wahunzi, timu ya mpira wa kikapu ya jiji la Toledo, ulitangaza kuanzishwa kwa Idara ya Ulinganifu wa Wachezaji, chini ya Makamu wa Rais wa Ulinganifu, Bwana Wendell Krebs. Tangazo lilisomwa na Bwana Krebs mwenyewe. Alijipongeza kwa niaba ya wote, kisha akajibu maswali mawili aliyokuwa ameyaandaa nyumbani.

Idara ilihitajika mno. Katika ligi ile, kila mwezi wa Juni timu huchagua vijana wapya, na zilizofungwa sana ndizo zinazotangulizwa. Wahunzi walikuwa wametangulizwa miaka mitatu mfululizo. Bwana Krebs aliiita hali hiyo "mwendelezo wa fursa." Mashabiki nao walikuwa na jina lao, ila si la kuandikwa.

Silaha ya Idara ilikuwa programu ya kompyuta aliyoibuni Bwana Krebs na kuiita Mtambo. Ulilishwa urefu wa kijana akiwa bila viatu, upana wa mikono ikinyooshwa, upana wa kiganja na majibu yake katika mahojiano, kisha ukamlinganisha na wachezaji waliokuwemo tayari kwenye timu. Aliyefanana nao zaidi alipata alama nyingi zaidi. Baraza la timu liliafiki mara moja. Kwamba hao waliokuwemo walifungwa na kila aliyepita njia, hakuna mjumbe aliyelitaja. Walikuwa watu wenye adabu zao.

Bwana Krebs alikuwa mtu mfupi wa mikono mifupi, mnyoofu wa mgongo kama aliyemeza ufagio. Ili kuonyesha mfano, aliamuru wafanyakazi wote wa timu wapimwe pia, na yeye akawa wa kwanza kuvua viatu. Moyoni alikuwa na shabaha moja tu: rais wa timu alikuwa anastaafu Krismasi, na kiti chake cha ngozi kilikuwa hakijapata mwenyewe. Bwana Krebs alikwisha kupima madirisha ya ofisi ile kwa ajili ya mapazia.

Mahojiano yalifanyika hotelini Chicago, mwezi wa Mei. Aliingia kijana Marquez Tillery, mwenyeji wa Mississippi, ambaye chuo chake kilikuwa hakijui ladha ya kufungwa tangu alipofika. Pembeni alikaa Kocha Odom, mzee aliyechakaa pamoja na filimbi yake.

"Kijana," Bwana Krebs alianza, "kama ungekuwa chombo cha jikoni, ungekuwa nini?"

Tillery alimtazama Kocha. Kocha akatazama dari.

"Samahani, mzee. Jikoni tena?"

"Chombo."

"Mimi nacheza kikapu, mzee. Jikoni ni kwa mama, na akinikuta huko ananifukuza na mwiko."

Bwana Krebs aliandika: *hana dira ya kijikoni.* Kisha akamuuliza kama ana swali lolote kwa timu.

"Ninalo moja tu. Mara ya mwisho mlishinda lini?"

Kocha Odom alipaliwa na kahawa. Bwana Krebs aliandika: *udadisi uliovuka mipaka.*

Baadaye aliingia Colby Haverstock wa Nebraska, kijana mrefu mwenye tabasamu la kuuzia bima. Alisema angekuwa chujio, kwa sababu chujio hupokea yote na halilalamiki. Uwanjani mpira nao ulimpita vilevile, lakini hilo halikuwa na safu yake kwenye Mtambo. Haverstock alipata alama tisini na sita. Tillery alipata kumi na moja.

"Krebs, acha mchezo!" Kocha alimaka. "Yule dogo wa Mississippi anashinda kila anapokwenda!"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, Kocha. Kiwango chake cha kushinda hakilingani na mazingira yetu. Umefikiria wenzake watajisikiaje?"

"Watajisikia wameshinda, bwana we!"

"Hilo bado halijafanyiwa utafiti."

Kocha akampelekea malalamiko mwenye timu, Bi. Verna Stuckey, mjane mwenye kiwanda cha magodoro. Bibi akamwita Makamu wa Rais.

"Wendell mwanangu, mimi kikapu sikijui. Najua godoro. Godoro likibonyea nalirudisha, na aliyelishona namrudisha kwao. Huyu Haverstock, una hakika naye?"

"Mama, Mtambo haukosei."

"Sema tena, watu wasikie."

"Mtambo haukosei," alisema Bwana Krebs, kwa sauti iliyofika hadi kwa karani wa mapokezi. Hivyo Juni Wahunzi wakamchukua Haverstock, na wenzao wa timu ya Louisville, waliokuwa wanafuata kwa zamu, wakamchukua Tillery mbio mbio kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Ulinganifu ulithibitika tangu wiki ya kwanza ya msimu. Haverstock alikosa pale wenzake walipokosa, akachelewa walipochelewa, ungedhani wamenyonya ziwa moja. Kufikia Desemba timu ilikuwa haijashinda hata mchezo mmoja, na Bwana Krebs aliwasilisha taarifa yenye kichwa "Uthabiti wa Matokeo." Kule Louisville, Tillery alikuwa anawaka moto.

Ndipo Punda alipoacha kazi. Punda wa Wahunzi ni mtu anayevaa vazi la manyoya, kichwa kikubwa na masikio ya kitambaa, na kuwachekesha watazamaji. Aliyekuwa ndani yake alisema ana watoto wanaosoma shule na asingependa wataniwe.

Baraza lilikutana juma la Krismasi. Bwana Krebs alivaa tai mpya, maana kiti cha ngozi kilikuwa kwenye ajenda.

"Kabla ya kiti," alisema Bi. Stuckey, "kuna jambo dogo. Punda. Mtu mpya siajiri. Wendell, Mtambo wako una vipimo vya wafanyakazi wote. Tutafutie mmoja humu humu ndani."

Bwana Krebs alifurahi. Ilikuwa nafasi adimu ya kuonyesha uwezo mbele ya wajumbe. Aliuwasha Mtambo, picha yake ikatokea ukutani, akaingiza urefu wa vazi, ufupi wa mikono yake, uvumilivu wa kuzomewa, na uwezo wa kutembea kifua mbele huku mambo yakiharibika. Akabonyeza.

Ukuta ukaandika: KREBS, WENDELL. ALAMA 98.

Mjumbe mmoja akaanza kufuta miwani isiyokuwa na vumbi.

"Mama," alisema Bwana Krebs, "kila mtambo una mipaka yake."

"Juni haukuwa nayo."

"Ni suala la tafsiri ya takwimu..."

"Wendell. Ama Mtambo unakosea, na kama unakosea nieleze huyo Haverstock aliingiaje humu. Ama haukosei. Chagua, mwanangu, chai inapoa."

Kocha Odom aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Bwana Krebs alilitazama jina lake ukutani, kisha kiti cha ngozi. Kukiri kosa kulimchoma kuliko manyoya yoyote. Akaiweka sawa tai yake.

"Mtambo," alisema, "haukosei."

Kiti cha ngozi alipewa Kocha Odom. Bwana Krebs alianza kazi mpya kwa kutoa Mwongozo wa Punda, na kifungu cha kwanza kikasema: *Punda hazungumzi. Akiulizwa, hutikisa masikio.*

Februari Louisville walikuja Toledo. Robo ya pili Tillery aliruka, akausukumiza mpira kikapuni kwa mikono miwili, na Punda, kama desturi ya vichekesho vyake inavyotaka, akaanguka chali kando ya mstari. Tillery akamfuata kumwinua. Akachungulia mdomoni mwa punda, mahali penye wavu wa kuonea.

"Heee! Mzee Krebs?"

Punda akageuza kichwa kando.

"Lile swali lako la jikoni, mzee, lilininyima raha. Nimeshapata jibu: ningekuwa kisu." Akampangusa vumbi mgongoni, taratibu, kwa heshima zote. "Na wewe je, mzee wangu? Ungekuwa nini?"

Mashabiki, waliokwisha kujua ni nani aliye ndani ya vazi, walikuwa wameinama kusikiliza. Bwana Krebs alikikumbuka kifungu cha kwanza. Akatikisa masikio.

Uwanja mzima ukasimama. Walipiga makofi, wakapiga miluzi, wakakumbatiana na wasiowajua, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Bi. Stuckey, aliyekaa mstari wa mbele na soseji yake ndani ya mkate, alifuta haradali mdomoni na kumwinamia rais mpya wa timu.

"Jamani, kumbe kweli Mtambo haukosei," alisema. "Huyu mwongezee mkataba miaka mitano."